Fundi Abdulkadiri Apisha Kiti

Mume wangu Abdulkadiri ni fundi cherehani, na kwa muda mrefu hapakuwa na mtu Iringo nzima, mtaa wetu wa Musoma, aliyewahi kumwona akiinuka kwenye benchi la drafti kwa sababu amefungwa. Sisemi hivi kwa kujisifia mume. Drafti lenyewe nililichukia miaka mingi, maana lilikaa kwenye kibaraza changu, likanywa chai yangu, na watu wake wakatupa maganda ya karanga pale pale nilipofagia asubuhi. Lakini alikuwa hafungwi, na hilo hata mimi siwezi kulipinga.

Ubao aliuchora mwenyewe kwa wino juu ya kipande cha hadibodi. Wenzake mahali pengine huchezea vifuniko vya soda, mmoja anavilaza kifudifudi na mwingine anavigeuza chali, ili kete zisichanganyike. Miaka ile soda ziliadimika, na hata kifuniko ukikiona njiani unakiokota. Abdulkadiri akachukua vifungo: vyeusi vikubwa vya koti upande mmoja, vya kahawia upande wa pili. Kete ikifika mwisho wa ubao na kuwa kingi, anaweka kifungo cha pili juu yake. Basi ukileta koti lako lirekebishwe, unaweza kuondoka na vifungo viwili visivyofanana na vingine, halafu jioni unakaa kwenye benchi na kuviona vifungo vyako halisi vikitembea ubaoni. Watu walilalamika, yeye akawaambia wacheze washinde, watarudishiwa.

Benchi letu lilikuwa na sheria moja tu. Wanaocheza ni wawili, wengine wote wanasubiri ukutani kwa foleni. Aliyefungwa anapisha. Hakuna kuomba kurudia, hakuna kusema jua lilinipiga machoni. Unainuka, unasema "nimepisha," na kama bado unautaka mchezo unakwenda mwisho wa foleni kama mtu mwingine yeyote. Hakuna aliyehitaji kufundishwa sheria hiyo mara mbili, kwa kuwa wakati huo maisha yetu yote yalikuwa foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na jiwe langu lenye alama ya chokaa. Nilikuwa naliweka mbele ya duka la ushirika alfajiri, kisha naenda zangu kukaanga maandazi, na nikirudi nalikuta jiwe limesogezwa mbele kwa heshima zote, kana kwamba ni mimi mwenyewe nimesimama pale.

Mjomba wangu Hasani alikuja siku moja kutusalimia. Nikampa chai, akakaa kwenye benchi, akacheza, akafungwa. Bado hajanywa hata funda la pili.

"Mjomba, pisha," Abdulkadiri akamwambia.

Mjomba akainuka na kikombe mkononi, akaenda kusimama ukutani nyuma ya vijana wa bandarini. Nilikasirika sana. Siku ile yote sikumsemesha mume wangu. Kesho yake nilipomwuliza kama hana haya, alijibu bila kuinua uso kwenye cherehani, "Mama Kudura, nikimwachia mjomba leo, kesho nitamwinua nani?"

Jambo la ajabu ni kwamba miaka hiyo ya shida sisi tulikula vizuri. Kitambaa kipya hakipatikani, kwa hiyo kila mtu anarudia cha zamani. Abdulkadiri alikuwa anafumua kola iliyochakaa, anaigeuza upande wa ndani uje nje, na shati linaanza maisha mapya. Suruali ya baba aliifanya kaptula mbili za watoto. Asubuhi nilikuwa nakuta watu wengi wamesimama mbele ya cherehani kuliko wanaosimama mbele ya drafti. Alikuwa anacheza jioni tu, kazi ikiisha, na tepu yake ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Halafu biashara ikafunguliwa. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia nao, kwa sababu sabuni ilirudi na jiwe langu nikalitupa. Lakini pamoja na sabuni yalikuja marobota ya mitumba. Pale mtaa wa Mwisenge yakafunguliwa chini, watu wakachakura kama kuku, na kila mmoja akatoka na shati lenye kola nzima. Nani tena atakuja kugeuza kola? Wateja wakapungua, wakapungua, mpaka ikawa anayesimama mbele ya cherehani yetu ni mbuzi wa jirani. Mashine nikaifunika kwa kanga yangu ya zamani isiingie vumbi. Abdulkadiri akahamia kwenye benchi tangu asubuhi.

Utasema nilipaswa kufurahi, mume yuko nyumbani. Sikufurahi. Kila Jumatatu alikuwa anaifunua mashine isiyoshona kitu, anaipaka mafuta, anazungusha gurudumu kidogo, anaifunika tena. Nilikuwa nikimwona naumia, halafu nageuza uso asinione.

"Mitumba haiwezi kuleta kitu kimoja," alikuwa akiniambia. "Sare za shule. Hakuna robota lenye kaptula za kaki za watoto wa kwetu. Ningepata jora moja tu la kaki, Januari ingenikuta na kazi, na kazi ingeita kazi." Lakini jora la kaki kulipata ilikuwa shughuli, na wenye mitaji walikuwa wamekwisha kulichukua kabla sisi hatujasikia kwamba limefika.

Ilikuwa Desemba ya mwaka themanini na saba Ryoba alipoleta habari. Ryoba alikuwa dereva wa lori la pamba, na foleni yetu ya ukutani aliijua kuliko barabara. Alisema mzee Hamduni wa Bunda amefungua duka jipya la vitambaa, na kwa furaha ameandaa mashindano ya drafti ya wazi. Aje yeyote, wa mjini au wa shamba, kiingilio hakuna. Zawadi ni jora zima la kaki.

Abdulkadiri alikuwa ameshika kifungo anataka kusogeza. Akakirudisha mahali pake.

"Zima?" akauliza.

"Zima, fundi. Limefungwa na karatasi lake. Nimeliona kwa macho," Ryoba akasema. "Lakini usishangilie. Na Makongoro wa Butiama anakujaga."

Makongoro tulikuwa tukimsikia tu. Mkulima wa pamba, mtu wa makamo, ambaye kwao walisema ana kigoda chake cha drafti na hakuna aliyewahi kumwinua hapo. Kila mgeni aliyefungwa na mume wangu, ili asione haya sana, alikuwa akisema, "Ungekutana na Makongoro ungejua." Abdulkadiri alikuwa hajibu, lakini jina lile lilikuwa likimwasha.

Nikasema na mimi nakwenda Bunda. Nilisema nakwenda kumwona dada yangu Mwanaupe, na ni kweli niliambatana naye siku nzima. Lakini sababu hasa ni kwamba mume wangu namjua. Anaweza kushinda jora saa sita, na kufika saa kumi akawa amekwisha kumkopesha mtu nusu yake. Nilitaka nilishike mwenyewe.

Walichezea katika ghala la pamba lililokuwa tupu, msimu umekwisha, nyuzi nyeupe bado zimenasa kwenye kenchi za paa. Waliazima madawati ya shule. Mwamuzi alikuwa mwalimu Alfonsi, mtu mpole mwenye filimbi shingoni ambayo aliipuliza hata alipotaka maji. Palijaa watu wa kila namna: wenye maduka, wavuvi, wakulima waliotoka vijijini na baiskeli, na mzee mmoja aliyekuja na mto wa kukalia.

Asubuhi ilikwenda kwa mchezo mmoja mmoja. Ukifungwa, unapisha, unakwenda zako, na mwenzio anaingia raundi inayofuata. Yaani ilikuwa sawasawa na kibarazani kwetu, na Abdulkadiri alicheza kama yuko kibarazani kwetu. Mimi najua drafti kidogo kuliko ninavyojua tepu yake. Akiwa anashinda, anaipapasa mwisho wake kwa kidole gumba. Akiwa matatani, anaanza kuikunja taratibu, duara dogo, kama anaitayarisha kuiweka kabatini. Asubuhi ile alikuwa akiipapasa tu. Upande wa pili wa ghala palikuwa na mtu mrefu, kofia ya pama kichwani, ambaye alikuwa akifunga watu bila kuinua kiwiko kutoka mezani. Mwanaupe akaninong'oneza, "Ndiye huyo."

Kufika adhuhuri walibaki hao wawili. Abdulkadiri akaenda kuswali. Makongoro akajilaza juu ya magunia na kuvuta kofia machoni. Na wao wakiwa hivyo, mmoja kwenye swala na mwingine usingizini, Alfonsi akapuliza filimbi na kutangaza kanuni ya fainali. Itakuwa michezo mitatu, mshindi ni atakayefunga miwili. Tena, kwa kuwa asubuhi kuna watu walikuwa wakitoka nje kupewa akili na wenzao, atakayeondoka kitini kabla fainali haijaisha atahesabiwa ameshindwa.

Mimi niliisikia. Abdulkadiri aliporudi, mikono ya kanzu bado imelowa, watu walikuwa wamekwisha kuizunguka meza, na mimi nilikuwa nyuma kabisa pamoja na wanawake. Nikamwita, "Baba Kudura, sikia." Akanyoosha kiganja bila kugeuka, kama mtu anayemwambia nzi asubiri. Nikasema moyoni, basi, mtu mzima huyo, mwamuzi atamkumbusha.

Mwamuzi hakumkumbusha. Mchezo wa kwanza ulianza.

Sijawahi kuwaona watu wawili wakichelewa namna ile kusogeza kifuniko cha soda. Nilisimama juu ya debe nikamwona mume wangu kwa mbali. Mwanzoni kidole gumba kilikuwa kwenye tepu. Kisha kikaacha. Kisha nikaona duara dogo linaanza kukunjwa. Makongoro alimzuia kete zake za pembeni moja baada ya nyingine mpaka Abdulkadiri akawa na zamu lakini hana pa kwenda. Kwenye drafti hiyo ni kufungwa, hata kama kete zako zipo.

Abdulkadiri aliutazama ubao muda mrefu. Halafu akaiweka tepu iliyokunjwa mfukoni, akainuka, akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimepisha." Akapenya katikati ya watu, akaenda kusimama ukutani.

Filimbi ikalia. "Mchezaji wa Musoma ameondoka kitini," Alfonsi akasema, na mwenyewe alionekana kusikitika. "Kwa kanuni tuliyotangaza, fainali imekwisha. Mshindi ni Makongoro wa Butiama."

Mzee Hamduni, mwenye zawadi, akaanza kulibeba jora kulileta mbele. Nikashuka kwenye debe, nikasukuma watu mpaka nikamfikia mume wangu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya mjomba.

"Bado michezo miwili," nikamwambia. "Umeinuka kwenda wapi? Rudi ukae, uwaambie hukusikia."

Akanitazama. Alielewa alichokifanya, niliona kwenye macho yake, na uso ulimbadilika. Lakini hakusogea.

"Nimefungwa," akasema. "Watu wote hawa nimewainua, Mama Kudura. Mjomba wako nimemwinua na kikombe cha chai mkononi. Leo nimefungwa mimi, halafu nikae?"

Nilitamani kumpiga, na papo hapo nilitamani kumshika mkono. Nikasimama tu kando yake, nikalitazama jora linavyopita.

Makongoro alikuwa bado amekaa. Mzee Hamduni alipomwekea jora mezani, alilisogeza pembeni kwa kiwiko kile kile.

"Mwalimu," akasema, "nipe mtu."

"Mtu gani, mzee? Umeshinda."

"Nimefunga mchezo mmoja. Mtu amepisha. Mtu akipishaga, anakuja mwingine. Basi nipe huyo mwingine."

"Hakuna mwingine," Alfonsi akasema. "Mlibaki wawili."

"Sikia. Kwetu Butiama mtu akifungwa anainukaga, anaendaga nyuma ya foleni. Hiyo ndiyo adabu ya drafti. Huyu bwana ameinuka, ameenda kwenye foleni. Foleni si ile pale ukutani?" Akaelekeza kofia yake kwetu, na ghala zima likageuka kututazama. "Haya. Ile foleni ina watu wangapi?"

"Ana mke wake," mtu mmoja akasema.

"Mke hachezi. Ina mtu mmoja. Na foleni ikiwa na mtu mmoja, mbele ni yeye na nyuma ni yeye. Zamu ni ya nani?"

Watu wakacheka mpaka nyuzi za pamba zikaanguka kutoka juu. Hapakuwa na mtu mzima mle ndani asiyejua foleni. Wote tulikuwa tumeizeekea. "Zamu yake," wakaanza kusema, kwanza wachache, halafu ghala lote. Alfonsi aliinua mkono.

"Kanuni niliiweka kwa wale wanaotoka kupewa akili na wenzao," akasema. "Huyu pale ukutani ameongea na mtu?"

"Ameongea na mke," yule yule akasema, mtu mwenye kiherehere.

Alfonsi akanitazama. "Mama, umempa akili ya drafti?"

"Mwalimu," nikamjibu, "ningekuwa na akili ya drafti ningeolewa na mcheza drafti?"

Hata mzee Hamduni alicheka. Alfonsi aliipuliza filimbi kwa nguvu zake zote, akasema foleni isogee. Mume wangu akatoka ukutani, akarudi kitini, akaitoa tepu mfukoni na kuivaa shingoni.

Mchezo wa pili alicheza vizuri mpaka mimi nikauona uzuri wake, mimi ambaye vifungo vile nilikuwa navifagia. Alimtolea Makongoro kete moja, ikabidi ale, maana ukitolewa kete huwezi kukataa. Njia ikafunguka, Abdulkadiri akaingia kingi, na kingi yake ikazunguka ubao wote ikisafisha. Kidole gumba hakikuachana na tepu. Makongoro alitikisa kichwa, akacheka, akainuka. Ndiyo, naye aliinuka. "Nimepisha," akasema, akavua kofia, akaenda mpaka ukutani. Alipofika akatazama kulia, akatazama kushoto kama mtu anayetafuta mwisho wa foleni, akajikuta peke yake, akarudi kukaa. Alfonsi hakujaribu hata kuigusa filimbi. Kelele zilizopigwa siku ile zilisikika sokoni.

Wa tatu ndio wa jora. Sitausimulia wote kwa sababu sikuutazama wote, muda mwingine nilifunika uso kwa upande wa kanga na Mwanaupe akawa ananieleza. Najua walibaki na kete chache, najua mume wangu alikuwa amebakiza hatua moja kuingia kingi. Makongoro akamtolea kete. Ilibidi ale. Alipokula tu, niliona mkono wake unaenda kwenye tepu, na haukuipapasa. Makongoro akala tatu kwa mkupuo mmoja.

Abdulkadiri akainuka. "Nimepisha," akasema, na safari hii akampa mwenzake mkono. Wakashikana mikono muda mrefu, wakiulizana majina ya watoto, ukoo, na mahali, kama watu waliokutana njiani bila mchezo wowote kati yao. Jora likafungwa kwenye baiskeli ya Makongoro kwa mpira. Nililisindikiza kwa macho mpaka likapotea barabarani.

Tulirudi kwenye lori la Ryoba, mimi nimekaa katikati, na sikuwa na raha. Mume wangu alikuwa anaimba kwa pua.

"Umefungwa, jora limekwenda, na unaimba," nikamwambia.

"Mama Kudura," akasema, "unajua ni tangu lini sijainuliwa? Nilikuwa nimesahau benchi linavyoonekana ukiwa umesimama. Yule mtu alikuwa na jora mkononi. Akaniita nirudi."

"Angelichukua tu mara ya kwanza, yeye si ndiye alilichukua mwishoni?"

"Angelichukua. Hakulichukua."

Ryoba akakohoa kuficha kicheko. Mimi nilitazama mbele. Hasira yangu ilifika mpaka Musoma, lakini nakiri haikuwa nzima ilipofika. Nusu yake nadhani ilidondoka njiani.

Krismasi ikapita, mashine iko chini ya kanga. Jumatatu akaipaka mafuta kama kawaida. Niliacha kuzungumza habari za sare, na yeye pia aliacha. Foleni ya drafti ikawa ndefu kuliko zamani, kwa sababu habari za Bunda zilifika kabla yetu na kila mtu alitaka kujaribu kumwinua mtu ambaye imethibitika huinuka. Hakuna aliyeweza.

Basi asubuhi moja, shule zimekaribia kufunguliwa, Abdulkadiri alikuwa anacheza na Ryoba na anamfunga vibaya. Kingi mbili, Ryoba hana hata moja. Mimi niko jikoni. Nikasikia kengele ya baiskeli, nikachungulia, nikaiona kofia ya pama.

Makongoro alisimamisha baiskeli, akasalimia wote mmoja mmoja, akanisalimia na mimi, "Shemeji, habari za hapa." Nyuma ya baiskeli palikuwa na mzigo ndani ya gunia, na begani alikuwa amening'iniza fungu la kamba za katani, nyingi, kila moja ina mafundo yake. Akaenda moja kwa moja mwisho wa foleni ya ukutani, akasimama.

"Karibu, mzee," Abdulkadiri akasema kutoka kwenye benchi. "Wewe mgeni, pita mbele ucheze."

"Hapana, mimi sijaja kucheza. Nauliza foleni ya cherehani inaanziaga wapi?"

Watu wakatazamana. Mbele ya cherehani hapakuwa na kitu, hata mbuzi.

Akafungua gunia. Jora lilikuwa na karatasi lake vilevile, halijaguswa. Akatuambia, kwa utaratibu wake wa kutoinua kiwiko, kwamba kaki hailiki, na nyumbani waliuliza itashonwa na nani. Watoto wake hawamalizi jora. Akawaambia majirani, kila mwenye mtoto wa shule amlete. Hakuna aliyekuwa na tepu, kwa hiyo walipima kwa kamba: kamba moja mtoto mmoja, fundo la kwanza kiuno, la pili paja, la mwisho gotini, na kitambaa cha rangi kwenye ncha kuonyesha ni mtoto wa nani. Malipo kila mzazi ataleta siku ya kuchukua. Na kuna wengine wameahidi kununua kaki yao wakiona hii imeshonwaje.

"Bunda mafundi wapo, na ni karibu," nikasema. Ulimi wangu haukuweza kukaa kimya.

"Wapo, shemeji. Lakini hawa watoto wengi, na kitambaa cha watu wengi. Nimetaka fundi ambaye akikosea ataniambia nimekosea. Huyu nilimwona Bunda."

Abdulkadiri alikaa ameshika kifungo cha kingi, hakisogezi wala hakiweki. Nikaogopa atalia mbele ya foleni. Mimi nililia, ila nilikuwa karibu na moshi wa maandazi na hakuna aliyeweza kunishika.

Halafu mume wangu akainuka kwenye benchi.

"Fundi, unaenda wapi?" Ryoba akauliza. "Hatujamaliza. Anayefungwa ni mimi."

"Najua. Nimepisha."

Akaenda kuivua kanga kwenye mashine, akanirushia. Akapokea zile kamba, akazipachika misumarini moja moja, na ukuta ukajaa. Akazungusha gurudumu, likaitika bila kukwaruza hata kidogo. Kisha akakumbuka kitu, akarudi kwenye benchi, akauinamisha ubao kidogo, akavikusanya vifungo vyote kwenye kiganja, vyeusi na vya kahawia, kingi na kete.

"Kaptula zinataka vifungo," akasema.

Makongoro akacheka, akaketi pale pale alipotoka mume wangu, akamwuliza Ryoba wanacheza na nini sasa. Ryoba akaenda dukani kuokota vifuniko vya soda, maana siku hizo vilikuwa vimejaa tele.